Kila Mwaka Tunaongeza Zanzibar Nzima

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kasi ya ongezeko ikatajwa kuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Asilimia hiyo husomwa redioni mara moja, kisha habari nyingine zikafuata. Ukikaa nayo ukaipigia hesabu, inakupa karibu watu milioni 2 wapya kila mwaka. Zanzibar yote, Unguja na Pemba kwa pamoja, sensa hiyo hiyo iliikuta na watu 1,889,773. Kwa hiyo kila tunapofunga mwaka tumeongeza watu kuizidi Zanzibar nzima, na wote hao wanataka mkunga, maji na dawati, na baada ya miaka kumi na minane watataka kazi.

Mwaka huo huo wa 2022 idadi ya watu wa China ilipungua kwa mara ya kwanza tangu njaa kubwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Japani ilikuwa imeanza kupungua zaidi ya muongo mmoja kabla. Bulgaria, iliyokuwa na watu karibu milioni 9 mwishoni mwa miaka ya 1980, ilibaki na milioni 6.5 katika sensa yake ya 2021. Na tarehe 15 Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba dunia imefikisha watu bilioni 8.

Ukisema tu kwamba watu wa dunia wanaongezeka, hujasema mengi. Kwa jumla kasi yenyewe imeshuka: katika miaka ya 1960 ilivuka asilimia 2 kwa mwaka, sasa iko chini ya asilimia 1, na Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba kilele kitafikiwa katika miaka ya 2080 kikiwa karibu bilioni 10.3, kisha idadi ianze kuteremka. Ndani ya jumla hiyo kuna nchi zinazofunga shule kwa kukosa watoto, na kuna nchi ambazo mtoto anayezaliwa leo ataziona zikiwa na watu mara mbili kabla hajafika umri wa kuoa. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulizitaja nchi nane zitakazobeba zaidi ya nusu ya ongezeko lote la dunia hadi 2050: India, Nigeria, Pakistan, Ethiopia, Misri, Ufilipino, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Tanzania. Katika hizo nane, mbili ni za wasemaji wa Kiswahili. Mjadala huu ni wetu, na hatuna sababu ya kuwaachia wataalamu wa New York waumalize kwa niaba yetu.

Tatizo ni kwamba tunapoufungua, huwa tunaangukia katika moja ya hadithi mbili, na zote mbili naziona zimepotoka.

Ya kwanza ni hadithi ya woga, inayotoka nje: Afrika inazaa kupita kiasi na itauzidi nguvu ulimwengu. Anayeisimulia huwa hataki kuanza mwanzo. Mwaka 1950 bara zima la Afrika lilikuwa na watu wasiofika milioni 230, chini ya mmoja kati ya kila watu kumi wa dunia, wakati Ulaya ilikuwa na karibu milioni 550. Uchache ule ulikuwa na sababu zake. Ulikuja baada ya karne za biashara ya utumwa, Atlantiki na Bahari ya Hindi, baada ya sotoka iliyomaliza ng'ombe katika miaka ya 1890, baada ya mauaji na kazi za shuruti za Kongo ya Mfalme Leopold, na kwetu baada ya njaa ambayo jeshi la Wajerumani liliileta kwa kuchoma mashamba na maghala wakati wa Maji Maji. Sehemu ya ongezeko la leo ni bara kurudi mahali pake. Tena Ulaya ilipopita katika kipindi chake cha kuongezeka haraka, ilikuwa na pa kumwagia: kati ya karne ya 19 na miaka ya 1930 Wazungu zaidi ya milioni 50 walihamia Amerika, Australia na kwingineko, wakachukua ardhi za watu. Kijana wa Goma au wa Tandahimba hana Amerika ya kwenda kuichukua. Anakutana na dirisha la viza.

Hadithi ya pili ni yetu wenyewe, na ni tamu zaidi kusikiliza: wingi ni nguvu, kila mtoto huja na riziki yake, na taifa kubwa ni taifa lenye watu wengi. Hayati Rais John Magufuli aliisimamia hadharani. Mwaka 2018, akiwa ziarani Meatu mkoani Simiyu, alipinga matumizi ya uzazi wa mpango kwa watu wanaoweza kufanya kazi wakalisha watoto wao, na mwaka uliofuata akaitaja China kuwa mfano wa uchumi uliokuzwa na wingi wa watu. Alikuwa na haki ya kukataa hotuba za wafadhili. Lakini mfano wa China unasema kinyume cha alichotaka useme.

Mwaka 1970 mwanamke wa China alikuwa anazaa wastani wa watoto karibu 6. Mwaka 1979 wastani ulikuwa umeshuka hadi chini ya 3, na hapo amri ya mtoto mmoja ilikuwa bado haijaanza kazi. Ushukaji ule ulitokana na kampeni ya kuchelewa kuoana, kuachanisha watoto na kuzaa wachache. Mageuzi ya uchumi ya mwisho wa 1978 yalikuta taifa ambalo kaya zimeanza kuwa ndogo, watoto wamechanjwa, vijana wanajua kusoma, na kila mtu mzima mwenye nguvu ana midomo michache zaidi ya kulisha. Pengo hilo kati ya wanaofanya kazi na wanaowategemea ndilo lililowapa nafasi ya kuweka akiba na kujenga viwanda. Wingi ulikuwapo kwa miaka elfu na haukuwatajirisha.

Amri ya mtoto mmoja iliyofuata ilikuwa jambo lingine, la ukatili: wanawake kulazimishwa kutoa mimba, familia kutozwa faini za kuwafilisi, watoto wa kike kukosekana kwa mamilioni. India nayo ilijaribu njia ya mabavu wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, wanaume kwa mamilioni wakafungwa vizazi kwa shinikizo, na wapiga kura wakaiangusha serikali. Nasema hivi mapema ili pasiwe na shaka juu ya ninachotetea. Serikali haina kazi ya kumwambia mama azae wangapi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba idadi anayoitaka mwenyewe ndiyo anayoipata.

Mfano ambao ningependa usimuliwe zaidi Afrika Mashariki ni wa Pakistan na Bangladesh. Sensa ya Pakistan ya 1961 ilihesabu mabawa mawili ya nchi moja. Upande wa Mashariki ulikuwa na watu milioni 50.8, wa Magharibi milioni 42.9. Dini kuu ilikuwa moja, dola moja, na umaskini wa Mashariki pengine ulikuwa mkali zaidi, kwa mafuriko na vimbunga vya Ghuba ya Bengal. Mwaka 1971 Mashariki ilijitenga kwa vita ikawa Bangladesh. Wakati ule mwanamke wa huko alizaa watoto karibu 7. Leo anazaa wawili na kitu. Sensa ya Bangladesh ya 2022 ilikuta watu karibu milioni 170, na ya Pakistan ya 2023 ikakuta zaidi ya milioni 240. Upande uliokuwa mdogo umeuzidi uliokuwa mkubwa kwa watu milioni 70.

Bangladesh haikusubiri itajirike kwanza. Iliajiri maelfu kwa maelfu ya wanawake vijana, wengi wao wasichana waliomaliza shule katika wilaya zao, wakapewa mikoba yenye vidonge na kondomu, wakawa wanatembea mlango kwa mlango. Akina mama wengi hawakuweza kutoka peke yao kwenda kliniki, basi kliniki ikawafuata. Eneo la Matlab, kuanzia 1977, lilifanywa uwanja wa kupima: vijiji vilivyotembelewa mara kwa mara vililinganishwa na vilivyoachwa na huduma ya kawaida, na uzazi ulishuka haraka zaidi palipotembelewa. Sambamba na hilo wahudumu wa shirika la BRAC walipita kaya kwa kaya wakifundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari kumwokoa mtoto mwenye kuharisha. Hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mama aliyezika wawili atazaa wa saba kwa tahadhari. Mwenye uhakika kwamba wote watakua hana haja ya tahadhari hiyo. Katika miaka ya 1990 ikaja posho ya wasichana wa sekondari vijijini, halafu ajira za viwanda vya nguo.

Wanaosema Uislamu hauruhusu jambo hili wakumbuke pia Iran. Jamhuri ya Kiislamu, yenye wanazuoni madarakani, ilitoka kwenye uzazi wa watoto zaidi ya 6 kwa mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi kama 2 kufikia mwaka 2000, kwa vituo vya afya vya vijijini na mafunzo ya lazima kwa wachumba kabla ya ndoa. Ni miongoni mwa ushukaji wa haraka kabisa kuwahi kupimwa popote, na ulipita misikitini bila kuvunja chochote.

Turudi nyumbani, maana sisi nasi tuna Pakistan na Bangladesh yetu, ingawa hatukuwahi kuwa nchi moja. Sensa ya 1967 iliihesabu Tanzania watu milioni 12.3. Ya Kenya ya 1969 ilikuta milioni 10.9. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ndiyo iliyotajwa duniani kote kama nchi inayoongezeka kwa kasi ya kutisha: watoto 8.1 kwa mwanamke, ongezeko la karibu asilimia 4 kwa mwaka. Hakuna aliyedhani kwamba itatutangulia kushuka. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2022 uliikuta Kenya na watoto 3.4 kwa mwanamke. Utafiti wa aina hiyo hiyo, mwaka huo huo, uliikuta Tanzania na 4.8. Kwa kasi ya asilimia 3.2 nchi hujirudufu kwa miaka kama 22. Kwa asilimia 2.2, ambayo ndiyo kasi ya Kenya kati ya sensa za 2009 na 2019, huchukua miaka kama 32. Miaka kumi ya nafasi ni mingi kwa waziri wa elimu anayetafuta madarasa.

Na tofauti hii haiwezi kuelezwa kwa mila. Mmasai yupo Kajiado na yupo Longido, Mjaluo yupo Kisumu na yupo Rorya, Mdigo yupo Kwale na yupo Tanga. Kinachotofautiana waziwazi ni hiki: Kenya, wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango ni asilimia 57. Tanzania ni 31. Tena katika utafiti wetu wa 2015/16 walikuwa 32. Kwa zaidi ya nusu muongo hatukusogea.

Kenya nayo ilikwama. Kati ya 1998 na 2003 wastani wa uzazi ulipanda kidogo badala ya kushuka, kutoka 4.7 hadi 4.9, wakati ambapo fedha na macho ya wafadhili vilihamia kwenye UKIMWI na zahanati zikawa zinaishiwa sindano na vidonge. Wala leo si nchi ya sura moja: Nairobi mwanamke anazaa 2.5, Mandera 7.7. Umbali huo ndani ya taifa moja ni mkubwa kuliko ule ulioko kati ya Kenya na Ulaya. India vivyo hivyo, Bihar iko kwenye 3 na Kerala chini ya 2. Ndiyo maana sipendi ramani zinazolipaka bara zima rangi moja. Kongo tunayoipaka rangi nyekundu kabisa haijafanya sensa tangu 1984, na watu wake zaidi ya milioni 100 wanajulikana kwa makadirio tu.

Lazima niseme jambo la haki kuhusu asilimia yetu ya 3.2. Sensa ya 2012 ilitoa asilimia 2.7, kwa hiyo kasi imepanda, na wengine wakadhani tunazaa zaidi kuliko zamani. Hapana. Uzazi umeshuka, polepole mno, kutoka zaidi ya watoto 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilichoshuka kwa kishindo ni vifo. Utafiti wa 2004/05 ulikuta watoto 112 kati ya kila 1,000 wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wa 2022 ulikuta 43. Hizo ni chanjo, vyandarua, dawa mseto na wauguzi wa zahanati wanaofanya kazi bila umeme wa uhakika. Ni ushindi mkubwa kuliko barabara yoyote tuliyozindua, na sehemu ya ongezeko letu ni watoto hao wasiokufa. Mwenye kulalamikia idadi bila kusema hili anawakosea wale wauguzi.

Lakini ushindi huo unadai nusu yake ya pili. Mwaka 2021 serikali ilichukua mkopo wa Uviko kutoka IMF, ikajenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, kazi ambayo taifa zima liliiona na kuisifu. Tukiweka wanafunzi 45 kwa darasa, madarasa yote yale yanachukua watoto 675,000. Watoto wanaozaliwa nchini kwa mwaka mmoja ni zaidi ya milioni 2. Zaidi ya Watanzania 42 katika kila 100 wako chini ya miaka 15, na hao hawalipi kodi ya kujengea darasa. Ndiyo maana bajeti inakua na foleni ya dawati haipungui.

Na hata tukifanya yote sawasawa kesho, hatutaona idadi ikisimama. Wengi wa wasichana watakaozaa kati ya sasa na 2050 tayari wamezaliwa, na ni wengi kuliko mama zao. Hata kila mmoja wao akizaa wawili tu, watoto watakuwa wengi. Lori lililojaa mzigo likishuka Kitonga halisimami papo hapo dereva akikanyaga breki, na dereva anayengoja mpaka aione kona amechelewa. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba karibu asilimia 80 ya ongezeko la dunia hadi 2054 litatokana na hali hii ya ujana wa watu waliopo, si na uamuzi wa kuzaa wengi. Kwa hiyo anayesema tungoje uchumi ukue kwanza anaamua kwa niaba ya mwaka 2050.

Najua jibu litakalotolewa: angalieni Korea Kusini. Nchi ile ilikuwa na watoto 6 kwa mwanamke mwaka 1960, na mwaka 2023 ilifikia 0.72, idadi ambayo haijawahi kupimwa katika taifa lolote kubwa. Umoja wa Ulaya una vifo vingi kuliko vizazi tangu 2012, na wahamiaji ndio wanaoushikilia. Hofu yao ni ya kweli, kwa sababu fedha walizotoa kushawishi watu wazae zimeleta matokeo madogo. Lakini Mkorea hakufika pale kwa kidonge. Alifika kwa nyumba zisizonunulika, kwa saa za kazi zisizo na mwisho, kwa ada za masomo ya ziada, na kwa mume asiyegusa sufuria. Mwanamke wa Seoul anazaa wachache kuliko anavyotaka, wa Simiyu anazaa wengi kuliko anavyotaka, na wote wawili mazingira yamewaamulia. Sisi tuna miongo mingi mbele kabla ya kuufikia ugonjwa wa Korea. Huo usitumike kukwepa wa kwetu.

Wa kwetu unaonekana kwenye rafu. Nyota ya Kijani, nembo ya uzazi wa mpango, bado imebandikwa milangoni mwa zahanati nyingi, na UMATI, chama cha uzazi na malezi bora, ipo tangu 1959, kwa hiyo hatukosi historia wala wataalamu. Tunachokosa ni uhakika kwamba mama aliyetembea kilomita nane kufuata sindano ya miezi mitatu ataikuta. Vifaa hivi tumevinunua kwa miaka mingi kwa fedha za wageni. Mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, shehena ya vifaa vya uzazi wa mpango yenye thamani ya karibu dola milioni 9.7 ilikwama ghalani Ubelgiji, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya kuja nchi za Afrika, yetu ikiwamo. Taifa lililojenga bwawa la Nyerere kwa fedha zake haliwezi kusema haliwezi kununua vijiti na sindano.

Na kuna sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha na kuipa serikali mwaka mmoja kuirekebisha. Mwaka ulipita na mingine ikafuata bila marekebisho. Wakati huo huo utafiti wa 2022 uliwakuta wasichana 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Ruhusa ya 2021 ya kuwarudisha shuleni waliojifungua ilikuwa hatua njema sana, na elimu bila ada hadi kidato cha sita pia. Lakini mkono mmoja unamrudisha binti darasani wakati mwingine umeacha wazi mlango wa kumtoa.

Utafiti mwingine wa afya ya uzazi utakapotoka, magazeti yatakimbilia jumla ya watu na kuuliza kama tumefika milioni 70. Mimi nitafungua kwanza jedwali la wanawake wanaotumia njia za kisasa, niione ile asilimia 31. Kisha nitatafuta wale wanaotaka kupumzika au kuacha kuzaa na hawajapata njia, ambao mwaka 2022 walikuwa takriban mmoja katika kila watano walioolewa. Hao hawahitaji kushawishiwa na mtu yeyote. Wameshaamua, na wanaingoja serikali ya wilaya yao ilete boksi.